Mashilingi Kichwani

"Katika nyumba hii hapajawahi kuonekana kichwa cha namna hiyo," Bibi Kokuberwa alisema kwa mara ya tatu asubuhi ile, na safari hii alisimama kabisa ili asikike vizuri. "Nimezaa sita, nimelea na wa wenzangu, vichwa vyote laini kama yai. Hayo mashilingi yamekuja kwenye kikapu chako, Alistidia. Yametoka kwenu Kanazi."

"Kikapu hicho nilikuja nacho miaka kumi na minne iliyopita, Mama," Alistidia alimjibu mkwewe bila kuacha kumenya ndizi. "Ni mashilingi gani hayo yanayokaa kikapuni miaka kumi na minne yakiwangoja wajukuu wazaliwe?"

"Ya kwenu yana subira."

"Basi twende wote Nshamba, daktari atuambie ni ya nani."

"Nimesema siendi. Mimi siumwi, siwashwi, sina hata chunusi. Niende nikapange foleni na wenye upele?"

Protase, mume wa mmoja na mwana wa mwingine, alikuwa mlangoni akivaa viatu alivyokwisha kuvivaa. Alifungua kamba, akazifunga upya, akazifungua tena.

Juu ya meza kulikuwa na barua ya Mwalimu Mkuu Gamaliel. Binti yao mkubwa, Jovita, aliileta jana saa nne asubuhi, wakati ambao mtoto wa darasa la saba hapaswi kuonekana nyumbani. Ilikuwa fupi: *Ndugu Protase, binti yako asirudi shuleni mpaka alete cheti cha daktari. Mtihani unaanza baada ya wiki tatu. Bila cheti hataingia katika chumba cha mtihani.* Hakukuwa na neno la pole. Jovita alikuwa wa kwanza darasani mihula minne mfululizo, na katika nyumba kumi za balozi wao hakuna msichana aliyewahi kwenda sekondari tangu uhuru. Mwalimu alilijua hilo vizuri kuliko wazazi wake.

Ulikuwa mwaka wa pili wa mashilingi, choa hicho cha kichwani. Mara ya kwanza yalimshika Privatus, wa miaka minane: duara kavu nyuma ya kichwa, jeupe, ukubwa wa sarafu, nywele zimekatika kama nyasi zilizoliwa na mbuzi. Walimpaka mafuta ya taa. Yakaisha, yakarudi kwa wawili. Wakapaka majani ya kusagwa yaliyowafanya watoto walie mpaka jirani akaja kuuliza nani anapigwa. Yakaisha, yakarudi kwa watatu. Mara ya mwisho zahanati iliwapa dawa ya zambarau, ile isiyotoka hata kwa sabuni, na Privatus akaenda Misa na kofia ya zambarau iliyopakwa kichwani. Watoto wenzake wakampigia magoti barabarani. "Baba Askofu, tubariki!" Naye, kwa kuwa hakuwa mjinga, aliwabariki. Lakini nyumbani alilala kifudifudi, hakula.

Jovita hakuwa na jina la utani la kuchekesha. Yeye walimwita Benki. "Benki, nikopeshe shilingi. Unazo nyingi hapo nyuma ya sikio."

Na siku ya Ijumaa, siku ya shamba la kijiji, uji ulipogawiwa, Alistidia alipewa kata yake peke yake, yenye ufa, iliyotundikwa mbali na nyingine. Hakuna aliyemweleza chochote. Kata tu ilikuwa pale, na kila mtu alijua ni ya nani.

"Balozi Byabato ametangaza nyumba nzima," Protase alisema hatimaye, akitazama viatu. "Daktari wa ngozi yupo Nshamba leo tu. Kesho anarudi Bukoba. Amesema kuanzia anayenyonya hadi anayetembelea fimbo."

"Mimi sina fimbo," Bibi Kokuberwa alisema.

Hapo Jovita, ambaye alikuwa amekaa pembeni akimfunga mdogo wao Kokugonza vifungo vya gauni, alizungumza bila kuinua uso.

"Bibi, jana mwalimu alinivua kitambaa mbele ya wote mstarini."

"Alikuvua? Kwa mkono wake?"

"Kwa fimbo. Hakutaka kunigusa."

 Bibi Kokuberwa aliingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa khanga yake ya Pasaka.

"Nakwenda," alisema. "Nataka daktari aniambie machoni kwamba ni ya Kanazi. Halafu nikirudi nitapita kwa huyo mwalimu."

* * *

Walitembea saa mbili kutoka Ijumbi. Protase alimbeba Kokugonza mabegani, kisha akakumbuka kichwa cha mtoto kiko karibu na chake, akaona aibu ya kukumbuka, akaendelea kumbeba.

Nshamba ilikuwa na watu wengi, kwa maana iliaminika kwamba duka la ushirika lingepata sukari. Foleni ya sukari na foleni ya daktari zilikuwa zikitazamana, moja kila upande wa barabara, na waliosimama kwenye ya sukari walipata muda wa kutosha kuhesabu nani yuko kwenye ya ngozi. Alistidia aliona vichwa vikiinamiana. Akanyoosha shingo. Mwanamke aliyekuwa mbele yao, mwenye mikono iliyobabuka mpaka kwenye viwiko, aliwatazama watoto, akasogea mbele hatua mbili, akamvuta na mwanawe.

"Hata mgonjwa mwenzetu," Alistidia alisema, si kwa sauti ndogo.

"Nyamaza," Bibi Kokuberwa alimwambia. "Kama angekuwa na akili asingejikuna hivyo mbele za watu."

Wanawake hao wawili walitazamana, na kwa muda mfupi wangeweza hata kucheka.

Nje ya zahanati kulikuwa na Landrova ya serikali, na kando yake jenereta ndogo iliyokuwa ikipiga kelele kama pikipiki iliyofungwa kamba. Waya mweusi ulitoka kwenye jenereta ukaingia dirishani, na dirisha lenyewe lilikuwa limezibwa kwa blanketi.

"Umeme wa nini saa sita mchana?" Protase alimuuliza Balozi Byabato, aliyekuja kuhakikisha nyumba zake zimefika.

"Wanasema ana taa ya kuona ugonjwa," Byabato alijibu. "Mimi sijui, Ndugu Protase. Wanaoingia wakitoka hawasemi kitu."

Ilikuwa kweli. Alistidia aliwachunguza waliotoka. Walikuwa na nyuso za watu waliotoka kupokea Komunio ya kwanza.

* * *

Daktari aliitwa Zahoro. Alikuwa mwembamba, mzaliwa wa Bukoba mjini, na Kiswahili chake kilikuwa na upole wa watu wa msikitini. Alimwamkia Bibi Kokuberwa shikamoo kabla ya kumtazama mtu mwingine yeyote, jambo lililomnyang'anya Bibi nusu ya hasira aliyokuja nayo.

Aliwapangusa watoto vichwa kwa pamba na dawa baridi. "Mafuta nayo hung'aa," alisema. "Yanaweza kutudanganya. Sasa nazima taa hii ya juu. Msiogope giza. Nami nipo humu humu."

Giza lilikuwa jeusi la usiku wa manane, ilhali nje kuku walikuwa wakilia na jua limesimama utosini. Kikasikika kitu kikibofywa. Ukatokea mwanga wa zambarau, hafifu sana, mwanga usioangaza chumba. Kitu cha kwanza walichokiona ni koti la daktari likiwaka bluu likiwa kama halina mtu ndani. Kisha meno yake.

"Daktari ana meno ya mwezi," Kokugonza alisema, akacheka, na kicheko chake kikaonyesha kwamba naye anayo.

"Njoo, bwana mkubwa," daktari alimwita Privatus. Akainamisha taa juu ya kichwa chake.

 Kila duara kichwani mwa Privatus liliwaka kijani. Hakikuwa kijani cha majani wala cha nguo. Kilikuwa kijani cha vimulimuli wanaoruka migombani baada ya mvua. Na haikuwa ngozi iliyowaka. Zilikuwa nywele, unywele mmoja mmoja, kila uliougua ukiwa na moto wake, kila mzima ukiwa gizani, mpaka mtu angeweza kuzihesabu. Alistidia alikuwa amekiosha kichwa kile kwa miaka minane. Alikuwa amekipaka, amekikuna, amekipiga makofi, amekililia machozi. Hakujua kwamba muda wote huo kulikuwa na taa ndani yake.

"Ee Mungu wangu," alisema taratibu.

"Kinauma kikiwaka?" Privatus aliuliza.

"Hakiumi. Hata wewe hujui kama kinawaka."

Kokugonza aliwaka utosini, madoa mawili. Jovita aliwaka nyuma ya sikio, duara kubwa lililotimia kama limechorwa kwa bikari. Alikuwa ameona ya wadogo zake. La kwake hakuweza kuliona, kwa hiyo alimuuliza mama yake likoje.

Alistidia alitafuta neno la kweli. "Linapendeza," alisema, akashangaa kwamba amelisema.

Kisha daktari akamulika wazazi. Protase hakuwaka. Alistidia aliinamisha kichwa chake, akangoja, akasikia daktari akisema, "Hapa hakuna kitu," na moyo wake ukaruka. Miaka kumi na minne ya Kanazi ikampanda kooni yote kwa pamoja. Akaanza kupanga sentensi. Angeisema nje, kwenye jua, taratibu, ili kila neno lifike.

"Na wewe, mama," daktari alisema.

"Mimi siumwi."

"Najua, mama. Lakini nikiacha kichwa kimoja, nimeacha vyote."

Bibi Kokuberwa hakuwa amevua kitambaa chake mbele ya mwanawe tangu msiba wa mwisho nyumbani. "Giza lipo?" aliuliza.

"Lipo, mama."

Wakasikia fundo likifunguliwa. Pamba ikapita kichwani. Taa ikainama.

Nywele za Bibi Kokuberwa, ambazo mchana zilikuwa mvi, hazikuonekana kabisa. Kilichoonekana ni kijani. Kilitapakaa kutoka paji la uso hadi kisogoni, hapa unywele mmoja, pale kumi, pale kishada, kama mtu aliyetupa mbegu kwa mkono asitazame zinapoangukia. Hapakuwa na duara. Hapakuwa na kidonda. Palikuwa na nuru tu, kichwa kizima cha mwanamke mzee kikielea gizani kama anga la Juni juu ya ziwa.

Nje jenereta iliendelea kunguruma. 

"Mnaona nini?" Bibi aliuliza. "Mbona mmenyamaza?"

"Bibi ana vimulimuli," Kokugonza alinong'ona.

"Protase. Mimi ni mama yako. Sema."

"Unawaka, Mama," Protase alisema. "Zaidi ya wote."

Sentensi aliyoipanga Alistidia ilikuwa bado mdomoni. Aliitafuta, akakuta haina ladha. Mtu hawezi kusema maneno ya namna ile mbele ya kitu cha namna ile.

Daktari alimpa Bibi kioo kidogo. Alijitazama kwa muda mrefu, akigeuza kichwa polepole, huku na huku, kama msichana anayejipima kitambaa dukani.

"Kiko hai?" aliuliza.

"Kiko hai. Ni ndugu wa uyoga, mama, mdogo kuliko vumbi. Unaota ndani ya unywele."

"Uyoga bila mvua?"

"Bila mvua. Watoto huwawasha na kuwakata nywele. Mtu mzima anaweza kuubeba asijue. Nani hushika vichwa vya watoto hawa?"

 Jovita ndiye aliyejibu, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi na ameulizwa swali. "Bibi. Kila Jumapili kabla ya Misa anatupaka samli. Anaanza kujipaka yeye, halafu Kokugonza, halafu Privatus, halafu mimi."

"Kwa mkono huo huo?"

"Kwa mkono huo huo."

Bibi Kokuberwa aliishusha mikono yake kutoka kwenye kioo. Gizani haikuonekana alivyofanya, lakini taa ilipowashwa walimkuta amekwisha kuifunika yote miwili ndani ya khanga, kama mtu mwenye baridi.

* * *

Daktari Zahoro alitoa kopo la vidonge kutoka kwenye sanduku la chuma.

"Hivi ndivyo nilivyobakiwa navyo," alisema. "Vinatosha vichwa vinne, wiki sita. Vinywewe na maziwa, au chakula chenye samli. Samli ni nzuri, mama, lakini iende tumboni. Kabla ya vidonge, wote wanne wanyolewe leo, hapa, na nywele zichomwe. Unywele mmoja uliobaki ni mbegu. Ndiyo maana umerudi mara tatu. Mkimaliza kunyoa nitaandika cheti na binti atafanya mtihani wake."

"Watoto wanyolewe," Bibi alisema. "Mimi sinyoi."

"Mama, bila wewe kunyoa cheti changu kitakuwa uongo. Wiki sita zikiisha wataugua tena."

"Sinyoi."

"Ni nywele tu. Zitaota."

Bibi Kokuberwa alimtazama kijana huyo wa mjini kwa huruma. "Nimezaa sita, daktari. Amebaki huyu. Nilinyoa kwa baba yake. Nilinyoa kwa watano. Huku kwetu nyumba nzima ikinyoa siku moja, bibi na wajukuu, mpita njia haulizi. Anajua mwenye nyumba amekufa. Sasa nitembee saa mbili barabarani na kichwa cheupe, na wajukuu watatu vichwa vyeupe? Nitakuwa nimekwenda mwenyewe kumwitia kifo mwanangu."

"Hizo ni imani tu, mama."

"Daktari, waitu," Protase alisema, kwa neno la heshima la Kihaya na kwa upole, na ulikuwa upole wenye ncha, "usiseme ni imani tu. Hukumwona akinyoa mara ya sita."

Daktari akainamisha macho. Alikuwa na watu arobaini nje, na jenereta inakula mafuta ya serikali.

"Basi Bibi asinyoe," Jovita alisema. "Nitafanya mtihani mwakani."

Hapakuwa na mwakani. Darasa la saba halirudiwi. Kila mtu mle ndani alijua, hata Kokugonza alikuwa amesikia. Mtoto alilisema huku amesimama wima, mikono nyuma, kama anavyojibu darasani, na uso wake haukutetemeka. Alistidia alimtazama binti yake akaona kwamba hamjui. Ni nani aliyemfundisha kutoa kitu kikubwa kiasi hicho kwa sauti ndogo kiasi hicho?

Akamgeukia mkwewe. Hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Mama, siku mliponyoa kwa baba mkwe, yeye alikaa wapi?"

"Akae wapi? Alikuwa kaburini."

"Hakukaa nanyi kwenye kigoda akingoja zamu yake ya wembe?"

"Alistidia, umepata wazimu? Maiti anyoe?"

"Ndicho ninachosema. Maiti hanyoi."

 Bibi Kokuberwa aliligeuza neno hilo, akalitafutia kasoro. Protase hakungoja alimalize. Alivua kofia, akachukua kigoda cha daktari, akatoka nacho nje. Hakukiweka nyuma ya jengo penye kivuli. Alikiweka mbele, kwenye jua, kati ya foleni ya ngozi na foleni ya sukari, akaketi.

"Mama," aliita. "Njoo uninyoe. Wewe mwenyewe."

"Wewe huna kitu kichwani!"

"Ndiyo maana nataka kuanza."

Bibi alitoka hadi mlangoni, akasimama. Mikono ilikuwa bado ndani ya khanga. "Siwezi kukushika," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa ya mtu mzee. "Umesikia alivyosema kuhusu mikono yangu."

Daktari Zahoro alikuwa amekwisha kuja na beseni, sabuni na chupa ya spiriti. Hakumwachia anawe mwenyewe. Aliichukua mikono ya Bibi Kokuberwa katika mikono yake mitupu, mbele ya watu wote, akaiosha kidole kwa kidole mpaka viwikoni, kama mtoto anavyomnawisha mzazi. Mwanamke mwenye mikono iliyobabuka aliacha kujikuna ili atazame. Kisha daktari akamkabidhi Bibi wembe mpya, ungali ndani ya karatasi. "Kila kichwa na wembe wake," alisema.

Foleni zote mbili ziligeuka kutazama. Balozi Byabato alikuja mbio, kofia mkononi, kwa maana aliona mama akimnyoa mwana na wajukuu wamejipanga nyuma yake.

"Ndugu Protase! Kuna msiba?"

"Hakuna," Protase alisema, kichwa kikiwa kimeinamishwa chini ya mkono wa mama yake. "Yule ambaye mngemlilia ni mimi. Nipo hapa, nanyolewa. Waambie na hao wa sukari."

Mtu mmoja kwenye foleni ya sukari akacheka, si kwa dhihaka. Bibi Kokuberwa hakumsikia. Alinyoa polepole, kutoka utosini kwenda chini, akipuliza nywele zilizobaki sikioni, na kichwa cha mwanawe kilipotokea chote, kizima, kina joto, kina mshipa unaopiga kando ya jicho, alikishika kwa viganja vyote viwili, akakaa nacho hivyo kidogo.

Ndipo akamwambia mwanawe ainuke.

Akaketi yeye. Alifungua fundo la kitambaa mchana kweupe, na mvi zake zikaonekana mvi za kawaida tu, chache, bila dalili yoyote ya ule moto. Akainua macho kwa mke wa mwanawe.

"Unangoja nini? Watoto wako nyuma yangu, wataungua na jua."

Alistidia alifungua karatasi ya wembe wa pili. Aliweka kiganja juu ya paji la uso la mkwewe, ngozi ambayo hakuwahi kuigusa tangu aolewe, akavuta wembe kutoka mbele kwenda nyuma.